Nyuki waashi wakati wa baridi: sebuleni, bandani au kwenye friji?

*Swali: Tunaishi kusini kidogo ya Seattle, jimbo la Washington. Mwezi wa tatu mume wangu alileta kijumba cha mbao chenye mirija ya karatasi na vipande vichache vya mwanzi, pamoja na kiboksi cha vifuko vya nyuki waashi, wale wanaojengea kwa udongo. Tulikitundika ukutani, upande wa jua la asubuhi. Walitoka, wakahangaika kwenye mcheri na mitufaha yetu, na mwezi wa tano ulipokuwa unaisha mirija 14 ilikuwa imezibwa kwa udongo. Tangu hapo sijaigusa. Sasa ni Oktoba na usiku baridi imeanza. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Lushoto, anasema nyuki hawa watakufa nje, niwaingize sebuleni karibu na hita. Jirani naye anasema niwatoe wote kwenye mirija, niwaoshe kwa maji, halafu niwatie kwenye friji! Nilicheka, kumbe hatanii. Tena mirija miwili ina vitundu vidogo kama vya pini. Nimsikilize nani? Na mama anauliza kama anaweza kuondoka na mirija michache kwa ajili ya plamu zake.*

Dada yangu, kwanza mpe mama shikamoo yangu, kisha umwambie taratibu kwamba safari hii jirani ndiye aliyepatia. Usiwaingize sebuleni. Ukiwaweka karibu na hita mwezi huu, wengi hawataiona Machi, na kitakachowaua si baridi bali njaa. Kuosha na kutia kwenye friji, ingawa kunachekesha kusikia, ndivyo wafugaji wengi wa nyuki hawa huko mliko wanavyofanya kila mwaka.

Hofu ya mama ina mantiki yake. Kwetu kifaranga kikizubaa kwa baridi kinapelekwa jikoni karibu na mafiga, na mara nyingi kinachangamka. Lakini kifaranga anakula. Nyuki walio kwenye mirija yako hawajala tangu mwanzoni mwa kiangazi, na hawatakula mpaka maua ya mwakani. Akiba yote waliyo nayo wameibeba mwilini.

Kabla sijafika kwenye akiba hiyo, niondoe mambo mawili yanayowachanganya watu waliozoea nyuki wa mizinga. La kwanza, nyuki waashi hawana malkia, hawana mzinga, hawatengenezi asali wala nta. Kila jike anajitegemea: anatafuta tundu, analijaza mwenyewe, anaziba, anakufa. Humo ndani hakuna kundi la kukumbatiana na kupashana joto kama wafanyavyo nyuki wa asali wakati wa baridi. Mtu akikushauri uwawekee maji ya sukari, mshukuru, uendelee na shughuli zako. La pili, hawashambulii. Dume hana mwiba kabisa. Jike anao, ila hana mzinga wa kuulinda, kwa hiyo mpaka umbane vidoleni au akwame ndani ya nguo ndipo atakapokuchoma. Mama, aliyekulia na nyuki wetu wa Afrika wanaoweza kumfukuza mtu mpaka mtoni, anaweza kuweka kiti hatua mbili mbele ya kijumba chenu mwezi wa nne na kunywa chai yake mpaka imwishie.

Sasa tuuangalie mwaka wao. Kwa sehemu hiyo ya Marekani, ulionao karibu bila shaka ni Osmia lignaria, nyuki mfupi mnene mwenye bluu iliyokolea hadi inakaribia weusi. Jike anapenda tundu lenye upana wa milimita 8 hivi na urefu wa sentimita 15. Anaanzia mwisho kabisa, kule ndani. Anabeba chavua kavu kwenye manyoya ya chini ya tumbo, safari baada ya safari, zaidi ya mara 20 kwa chumba kimoja, mpaka apate tonge la njano lililolainishwa kwa mbochi. Anataga yai moja juu yake, anaruka kuchota udongo mbichi, anajenga ukuta, anaanza chumba kingine. Vyumba vya nyuma anaweka mayai ya majike na vya mbele ya madume. Uamuzi ni wake: yai alilolirutubisha hutoa jike, asilolirutubisha hutoa dume. Ndiyo maana mirija mifupi ya mapambo hutoa madume wengi kupita kiasi, na mwaka unaofuata mtu anabaki kushangaa kwa nini nyuki wake wamepungua. Akifika mlangoni anaziba kwa tabaka nene la udongo. Maisha yake ya nje ni majuma manne hadi sita tu, na humo anataga mayai 15 hadi 20 hivi, akijaliwa hali ya hewa.

Kwa maana hiyo, wale uliowaona Aprili wote wamekwisha kufa. Waliomo ni watoto wao. Yai liliangua likatoa buu, buu akala lile tonge lote, akajifuma ndani ya kifuko cha hariri ya kahawia, akageuka bundo, yaani hatua ya kati ya buu na nyuki kamili, kati ya Julai na Agosti, na ilipofika Septemba akawa nyuki kamili mwenye mabawa na manyoya. Hapa ndipo watu wengi hukosea: wanadhani ndani ya mirija mna mayai yanayosubiri joto ili yaangue, kumbe mna nyuki wazima waliolala.

Nyuki huyo ana mafuta mwilini aliyoyapata kwenye tonge la mama yake, na kasi ya kuyachoma inategemea joto linalomzunguka. Kwenye nyuzi 3 au 4 za Selsiasi mwili unakaribia kusimama, mafuta yanatoka kidogokidogo, naye anaweza kukaa miezi mitano akaamka na nguvu ya kuchimba ukuta na kuruka. Kwenye nyuzi 20 za sebuleni mwili unafanya kazi karibu kama wa aliye macho, ila hana anachokula. Watafiti Jordi Bosch na William Kemp, waliomchunguza nyuki huyu kwa miaka mingi huko Logan, Utah, walionyesha kwamba hata kucheleweshewa baridi baada ya kukomaa kunawagharimu: kadiri wanavyokaa kwenye joto wakiwa wakubwa ndani ya vifuko, ndivyo wanavyokonda, na wengi hufa kabla au wakati wa kutoka. Baridi ina kazi nyingine pia. Ndiyo inayouandaa mwili kuamka kutoka kwenye usingizi mzito joto litakaporudi. Nyuki aliyekosa baridi ya kutosha, ukimpa joto la Machi, hutoka kwa kusuasua, huyu leo, yule baada ya majuma mawili, na mwingine hatoki. Wa karibu na hita anaweza kutoka hata Desemba, akazunguka dirishani kwenye kioo wakati nje hakuna hata ua moja.

Kwa hiyo una njia mbili za kweli, na zote mbili zinaheshimika.

Ya kwanza ni kuwaacha ndani ya mirija, ukaihamishia kwenye banda au gereji isiyopashwa joto, mahali pakavu ambapo panya na ndege hawafiki. Upande wa magharibi wa milima ya Cascade, mliko ninyi, majira ya baridi si makali kwa nyuki huyu, ni kwao. Njia hii haikuchoshi, na kwa mtu mwenye mirija 14 mwaka wa kwanza haina ubaya mkubwa. Tatizo lake hulioni mwaka wa kwanza. Kwenye mirija hiyo wamo pia utitiri na kuvu, na madume wa mbele wakitoka wanapita kati ya vyumba vilivyoharibika, wa nyuma nao wanafuata, kila mmoja akijipaka uchafu huo na kuubeba hadi kwenye tundu jipya. Mwaka wa tatu unakuta mirija imejaa unga wa utitiri na nyuki wa kuhesabu.

Ya pili ni ya jirani yako: kufungua, kuosha, kuhifadhi mahali pa baridi. Mimi ningekushauri hii, na sababu kubwa ni vile vitundu vya pini. Unahitaji kujua ndani kuna nini. Oktoba na Novemba ndio wakati wake. Ungefanya Julai ungewaua, maana bundo ni laini na mtikisiko mdogo tu unamharibu. Sasa wamekomaa na hariri imekaza.

Keti mezani kwenye mwanga mzuri, chumba kisiwe na joto kali, tandika gazeti. Chukua mrija wa karatasi, ufungue taratibu kuanzia upande wa mlango; nyingi zimesokotwa, ukizilowesha kidogo zinajifungua zenyewe. Utaona ukuta wa udongo, kifuko, ukuta, kifuko. Kifuko kizima kina ukubwa wa haragwe dogo, rangi ya kahawia iliyoingia kijivu, na juu yake kumegandia punje nyeusi ndogo kama ufuta. Hizo ni kinyesi cha buu, wala zisikuchukize. Kigumu kiasi ukikigusa, hakibonyei. Vya nyuma ni vikubwa kidogo, ndiyo majike. Vya mbele ni vidogo.

Kisha kuna vyumba ambavyo utatamani usingeviona. Chumba kilichojaa chenga za njano au za rangi ya chungwa bila kifuko ni utitiri. Tazama kwa lenzi, utaona chenga zinatembea. Utitiri huu haumnyonyi nyuki damu. Unakula chavua, buu anakosa chakula, na nyuki anayepita hapo anaweza kubeba utitiri mwingi mpaka ashindwe kuruka. Buu aliyekauka akawa mgumu kama chaki, wa kijivu au mweusi, amekufa kwa kuvu. Huyo usimtumbukize kwenye maji pamoja na wenzake, kwa sababu anapovunjika mbegu za kuvu hutapakaa. Mtoe kwa kibano, mfunge kwenye mfuko, takatakani. Kitu cha tatu ni mabuu wadogo weupe walio wengi ndani ya chumba kimoja, wamezungukwa na nyuzinyuzi zilizojikunja za rangi ya chungwa, na kifuko hakipo. Hapo simama, nitalirudia hilo.

Baada ya kuchambua, tia vifuko vizima kwenye bakuli la maji ya baridi ya bomba. Yasiwe ya uvuguvugu, hatutaki kuwaamsha. Hariri haipitishi maji kirahisi, kwa hiyo hawazami wala hawalowi. Waache dakika kumi hivi huku ukivuruga polepole kwa vidole. Udongo unayeyuka na kutua chini, vifuko vinaelea. Kinachozama aghalabu ni kibovu. Badilisha maji mara mbili tatu mpaka yatoke meupe. Kama ulikuta buu wa chaki, suuza mara moja kwenye maji yaliyotiwa jiki kidogo sana, kisha upesi kwenye maji safi. Kama hukukuta, jiki ya nini? Tandaza vifuko kwenye taulo la karatasi kwa saa moja, vikauke kwenye chumba cha baridi.

Halafu friji. Hatari ya friji ni ukavu. Friji za siku hizi zisizogandisha barafu hukausha hewa, na nyuki hukauka ndani ya kifuko kama dagaa. Tumia kopo la plastiki lenye matundu machache, na ndani yake weka kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kisigusane na vifuko. Droo ya mboga inafaa. Lenga nyuzi 2 hadi 4. Kila baada ya majuma mawili fungua uangalie: kitambaa kikiwa kimekauka, kiongezee maji; ukungu ukiwa umeota juu ya vifuko, vioshe tena kwa maji baridi, vikaushe, virudishe. Na tafadhali andika juu ya kopo kuna nini. Watoto wakifungua wakitafuta zabibu, makelele yake si madogo.

Kama friji imejaa na hutaki vita na mume wako, kopo hilohilo likae bandani upande wa kaskazini, mahali jua halipigi. Kasoro ni kwamba wiki moja ya joto la ghafla mwezi wa pili inaweza kuwatoa kabla ya maua. Friji inakupa wewe uamuzi wa lini watoke, na hilo peke yake linatosha kuipendelea.

Vipande vya mwanzi ni kazi nyingine. Mwanzi mkavu haufunguki bila kisu, na kisu kikiteleza kinakata nyuki na kidole. Ukiweza kuupasua kwa urefu kwa uangalifu, sawa. Usipoweza, uache mzima bandani, na Machi uuweke ndani ya boksi lenye giza lenye tundu moja dogo linaloelekea kwenye mwanga. Nyuki watatoka kuufuata mwanga, wala hawatarudi humo kutaga, maana wanaingia palipo wazi. Baadaye utupe. Mwakani nunua mirija ya karatasi au vibao vinavyofunguka. Vile vijumba vya dukani vilivyojazwa mianzi iliyogundishwa na koni za misonobari vinapendeza kwenye picha. Nyuki vinawafuga pamoja na magonjwa yao. Mirija ya plastiki ndiyo mibaya kuliko yote: unyevu haupati pa kutokea, ukungu unashika.

Turudi kwenye vitundu vya pini. Inaelekea ni vya nyigu wadogo sana wa jenasi ya Monodontomerus, wadogo kuliko mbu. Jike wake anatembea juu ya mirija mwezi wa sita na wa saba, anachoma kwa mkia wake mrefu kupitia ukuta mwembamba, anataga ndani ya kifuko, na watoto wake wanamla nyuki akiwa hai. Vitundu ni mlango waliotokea. Kifuko walichokwisha kukila utakiona nacho kina kitundu, chepesi, hakina kitu. Vingine huenda bado vina mabuu yao yanayosubiri mwakani, kwa hiyo chochote unachokitilia shaka kitie kwenye chupa ya kioo iliyofungwa kabisa, uiache kwenye joto la kawaida uone kitakachotoka. Kwa mwaka huu huna la kuwafanya zaidi ya hapo. Kinga yake ni ya Juni: nyuki wakiacha kuruka, toa mirija iliyozibwa, itie kwenye mfuko wa kitambaa cha nailoni laini, kama vile vifuko vya zawadi za harusini, funga mdomo, uiweke kwenye banda lenye joto la kawaida la kiangazi. Ishike kama mayai, milango ikielekea upande, usiitikise. Wengi huiacha ukutani mpaka Oktoba kama ulivyofanya, na huko ndiko nyigu wanakoneemeka. Zingatia kwamba wakati huo hawatakiwi baridi. Buu na bundo wanahitaji joto ili wakomae, kwa hiyo ukiwaweka kwenye friji mwezi wa saba utawaua kwa njia nyingine.

Kama mirija ingekuwa imechomolewa au udongo umebomolewa kwa vishimo vikubwa, ningekuambia ni kigogota. Dawa yake ni wavu wa kuku, uuzungushe mbele ya kijumba ukiacha nafasi ya vidole vinne, nyuki wanapita bila shida.

Mwakani angalia miti yako kuliko kalenda. Maua ya kwanza yakianza kupasuka na mchana ukifika nyuzi 13 kwa siku kadhaa, toa nusu ya vifuko, uviweke kwenye kiboksi chenye tundu juu au nyuma ya mirija mipya, chini ya paa la kijumba. Nusu nyingine subiri wiki moja au mbili, baridi ikirudi ghafla usipoteze wote. Madume watatangulia, utawatambua kwa nywele nyeupe usoni, nao watazunguka mlangoni wakisubiri majike siku kadhaa. Kijumba kielekee mashariki au kusini-mashariki, kimo cha kifua au kichwa, kiwe kimefungwa imara; kile kinachoning'inia na kuyumba kwa upepo hawakipendi.

Udongo usiusahau. Nyuki hawa wakikosa udongo wa mfinyanzi ulio mbichi jirani, wanahama hata kama kijumba ni kizuri namna gani. Chimba shimo la kiasi cha ndoo ndogo hatua kama ishirini kutoka kwenye kijumba, ulilowanishe upande wake kila siku majira ya maua. Finyanga donge mkononi: likishikana linafaa, likimomonyoka ni mchanga tu. Na miti ikiwa na maua usipulize dawa ya wadudu, hata ile iliyoandikwa ni ya asili.

Je, kazi yote hii ina faida? Kwa cheri na tufaha, ndiyo. Nyuki wa asali hulowesha chavua na kuibana miguuni, haitoki kirahisi. Mwashi anaibeba kavu tumboni, inamwagika kila anapotua, tena anaruka kwenye baridi ambayo wa asali bado wamejifungia mzingani. Wakulima wa tufaha wa Japani wamemtumia ndugu yake, Osmia cornifrons, tangu miaka ya 1940. Lakini nikuambie ukweli ambao wauzaji hawausemi sana: kijumba kichafu ni kibaya kuliko kutokuwa na kijumba, kwa kuwa unakusanya nyuki mahali pamoja halafu unawaambukiza, wakiwemo wa porini wanaokuja kutaga humo. Ukiona kazi ya Oktoba itakushinda, kiondoe bila aibu, panda maua ya mapema na uache mabua makavu yenye uwazi yasimame. Na ukihitaji vifuko vya kuongezea, nunua vya eneo lenu hilohilo. Nyuki wa mashariki ya Marekani ni wa nasaba tofauti, na anaweza kuja na wageni usiowaalika.

Hilo la wageni linanileta kwa mama. Hapana, asiondoke na mirija. Kuingiza wadudu hai Tanzania bila kibali ni kosa, na sheria hiyo ina sababu: utitiri, kuvu na nyigu nao wangepanda ndege. Hata tukiweka sheria pembeni, nyuki mwenyewe asingepona. Baridi ya Lushoto ya Juni hadi Agosti, hata ile ya sweta mbili, haikai kwenye nyuzi 4 kwa miezi mitano. Usambara kuna nyuki wake: wa asali, wadogo wasiouma, wakata majani, na wale weusi wakubwa wanaotoboa boriti za paa, ambao ndio wachavushaji hodari wa pasheni. Mama afunge kitita cha matete makavu yenye uwazi, akitundike chini ya upenu mvua isipofika, na apulize dawa za plamu baada ya maua kuanguka tu. Watakuja wenyewe.

Mwisho, mambo mawili ambayo jibu langu halitoshi. Mtu wa nyumbani akichomwa kisha uso ukavimba au pumzi ikabana, piga 911, hata kama nimesema mwiba wa nyuki huyu ni mdogo. Na wale mabuu weupe wenye nyuzi za rangi ya chungwa niliokuambia usimame: wanaweza kuwa wa inzi aitwaye Cacoxenus indagator, mgeni kutoka Ulaya aliyekwisha kuonekana jimboni Washington. Ni mdogo kama inzi wa ndizi, ana macho mekundu, anavizia mlangoni jike akienda kutafuta chavua, anaingia kutaga. Watoto wake wanamaliza tonge, mtoto wa nyuki anakufa njaa. Wakikomaa wanavijaza vichwa vyao maji ya mwili mpaka vivimbe na kusukuma udongo ubomoke. Chumba kama hicho usikitupe kwenye mboji wala usikiache bandani. Kifunge kwenye chupa, ukiweke kwenye friza, na uwasiliane na idara ya kilimo ya jimbo au ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington iliyo katika kaunti yenu; wana watu wa kukutazamia ana kwa ana. Piga picha ya mrija ukiwa wazi, kabla hujaosha chochote. Kwenye vifuko safi hawatakuwa na cha kutambua.